Hamu ya Kutarizi Iliponiishia na Namna Ilivyorudi

Kuna kipindi kirefu ambacho sikutia uzi kwenye sindano hata mara moja, ilhali kutarizi ndiyo shughuli niliyoipenda kuliko zote ninazozifanya nikishamaliza kazi za siku. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Nilianza kwa kuahirisha jioni moja kwa sababu ya uchovu, kisha nyingine kwa sababu ya wageni, na baadaye kuahirisha kukageuka kuwa kukwepa: mfuko wenye kitambaa na nyuzi niliuhamisha kutoka kando ya kiti changu hadi juu ya kabati, ambako usingenikumbusha chochote. Kila nilipouona nilijihisi kama ninayedaiwa, na hisia hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko ukosefu wenyewe wa kutarizi. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye kazi ya sindano aliyoianza kwa mapenzi, iwe ni tarizi, kufuma au kuunganisha viraka, na ambaye sasa anaipita huku akiangalia pembeni.

Jambo kuu nililojifunza nalisema mapema. Hamu yangu haikutoweka yote kwa pamoja. Ilikwama mahali mahususi, katika kila kazi kwa sababu yake, na mara nilipopatafuta mahali hapo niligundua kuwa ni padogo na panashughulikika. Kwa muda wote niliokuwa nikijiambia kwamba nimekuwa mvivu, au kwamba sipendi tena kutarizi, sikuwa na la kufanya, kwa sababu uvivu na kutopenda ni majina makubwa yasiyoonyesha pa kuanzia.

Kazi iliyonikwamisha zaidi ilikuwa mandhari ya ziwa kwa mshono wa msalaba (mshono wenye umbo la X juu ya kila mraba wa kitambaa), yenye upana wa mishono 200 na urefu wa mishono 250, kitambaa chote kikiwa kimefunikwa bila kuachwa sehemu tupu. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha miraba 14 kwa kila inchi, ambacho hutumiwa na wengi wanaotarizi kwa kuhesabu, kwa hiyo picha ikikamilika ingekuwa na sentimita 36 hivi kwa 45. Kwa kuitazama si picha kubwa. Hata hivyo, 200 mara 250 ni mishono 50,000, na mimi kwa mwendo wangu wa kawaida hupiga mishono 100 hivi kwa saa, tena pale ambapo rangi hazibadiliki mara kwa mara. Hizo ni saa 500, yaani mtu anayetarizi saa moja kila siku bila kukosa atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Hesabu hii haichapishwi kwenye karatasi ya mchoro, na ndiyo maana naiweka hapa: zidisha upana kwa urefu, gawanya kwa mishono unayoipiga kwa saa, kisha jiulize kama uko tayari kuishi na picha hiyo kwa muda huo wote.

Sehemu ya chini, yenye miti na mawe, niliifanya kwa furaha. Jani likikamilika hujulikana kuwa ni jani, na jicho hupata malipo yake jioni ileile. Mambo yalibadilika nilipofika angani. Mbingu ile ilikuwa na rangi nne za samawati iliyofifia ambazo chini ya taa ya usiku sikuweza kuzitofautisha bila kusoma namba zake, na mishono ya rangi hizo ilikuwa imetawanywa mmoja hapa na miwili pale, kiasi kwamba nilitumia muda mrefu kubadilisha uzi kuliko kupiga mshono. Mwendo wangu ulishuka hadi chini ya nusu. Baada ya jioni nzima ya kazi, nilipoinua fremu na kuitazama kwa mbali, sikuona tofauti yoyote na jana yake. Hapo ndipo akili ilipoanza kukataa, na sasa naona kwamba ilikuwa na haki ya kukataa.

Njia za kwanza nilizozijaribu hazikunisaidia, na nazitaja kwa kuwa ndizo zinazopendekezwa mara nyingi. Nilijiwekea lengo la kila siku, na lengo hilo lilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu kila siku niliyokosa iliongezwa kwenye siku iliyofuata hadi jumla yake ikawa inatisha. Malengo ya namna hiyo yanamfaa mtu mwenye hamu anayekosa mpangilio. Aliyepoteza hamu yanamwongezea mzigo. Nilinunua pia nyuzi mpya, rangi ambazo sikuwa na mchoro wa kuzitumia, na fremu nzuri zaidi ya ile niliyokuwa nayo. Kununua kulinipa msisimko wa kweli, lakini ulikuwa msisimko wa kuanza, nao uliisha nilipofunga sanduku. Fedha zilitumika na mkono haukusogea. Kwa mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo, ushauri wangu ni kwamba asinunue kifaa chochote mpaka aweze kutaja kwa sentensi moja tatizo ambalo kifaa hicho kitaliondoa.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu anayefuma sweta, ambaye alinisikiliza nikilalamika kwamba sina tena hamu, kisha akaniuliza, "Mwenzangu, hutaki kutarizi, au hutaki kutarizi kile kitambaa?" Sikuwa na jibu. Alinishauri nitoe kazi zote zilizokwama, nizitandaze mezani, na kando ya kila moja niandike mambo mawili tu: mshono unaofuata ni upi, na ni nini kinachonizuia kuupiga.

Zoezi hilo lilichukua sehemu ya alasiri moja na lilinifaa kuliko yote niliyokuwa nimefanya kabla yake. Niligundua kwamba karibu kila kazi ilikuwa imesimama penye uamuzi ambao sikutaka kuufanya, na uamuzi huo haukuwa na uhusiano na mapenzi yangu kwa sindano.

Kazi moja, mpaka wa maua wa kitambaa cha meza, ilikuwa imesimama kwa sababu ya mraba mmoja uliohesabiwa vibaya. Katika tarizi ya kuhesabu, kosa la mraba mmoja husogeza kila kinachofuata, na mpaka unapozunguka kitambaa, mwisho wake haukutani na mwanzo. Uamuzi uliohitajika ulikuwa kufumua au kurekebisha. Kanuni niliyoifuata tangu siku hiyo ni hii: kosa likiwa ndani ya jani, ua au wingu, ambako hakuna kinachotegemea nafasi yake, naliacha na kuendelea, kwa sababu hakuna atakayeliona; likiwa kwenye mpaka, herufi au umbo lenye pande mbili zinazolingana, nafumua mara moja, kwa kuwa kila mshono ninaouongeza juu yake utafumuliwa pia. Kufumua kwenyewe hakuogopeshi ukijua namna yake. Kata uzi kwa nyuma kwa mkasi mdogo wenye ncha kali, vuta vipande vifupi kwa upande wa tundu wa sindano badala ya ncha ili usichane kitambaa, na usitumie tena uzi uliofumuliwa, kwa sababu nywele zake zimeshainuka na rangi yake haitang'aa sawa na ya jirani yake. Ili kosa lisijirudie, nilipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi mwembamba wa rangi tofauti kila baada ya miraba 10, kwa wima na kwa mlalo, zikifuata mistari minene iliyopo kwenye mchoro. Bandi hizo hutolewa kazi ikiisha. Kuzipiga kunachosha kwa saa chache, lakini baada ya hapo kuhesabu hakutishi tena.

Kazi nyingine ilikuwa ya kitambaa cheusi. Hiyo niliipenda sana mchana na kuichukia usiku, na usiku ndio wakati pekee niliokuwa nao. Kilichoniokoa ni kutandika kitambaa cheupe mapajani chini ya kazi, ili matundu ya kitambaa cheusi yaonekane kama nukta za mwanga. Taa ndogo ikielekezwa kwenye kitambaa hicho cheupe, matundu huonekana vizuri zaidi. Jambo dogo kama hilo lilikuwa limesimamisha kazi nzuri kwa muda mrefu, nami nikidhani nimechoka na maisha ya sindano.

Ya tatu ilikuwa imeishiwa uzi wa rangi moja. Niliogopa kununua mwingine kwa sababu uzi wenye namba ileile, ukitoka katika mkupuo mwingine wa kutiwa rangi, unaweza kutofautiana kidogo na ule wa kwanza, hasa ukiwa wa sufu au uliotiwa rangi kwa mkono. Ufumbuzi ni kuanza uzi mpya mahali ambapo umbo linaishia, si katikati ya eneo lililo wazi, na katika tarizi ya msalaba yenye nyuzi mbili, kuchanganya uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya kwa safu chache ili mabadiliko yasiwe na mstari. Siku hizi, rangi inayofunika eneo kubwa nainunua yote kwa pamoja kabla ya kupiga mshono wa kwanza.

Ya nne ilikuwa zawadi ya harusi, na harusi ilikuwa imeshapita. Hii nitairudia baadaye.

Nilipokuwa nikijibu swali la pili kwenye zile karatasi, neno moja lilijirudia: shingo. Nilikuwa nikiandika "shingo inauma", "macho yanawasha", "kidole gumba kinakufa ganzi", na nikatambua kwamba mwili wangu ulikuwa umekataa kabla ya moyo. Mtu akiinama juu ya kazi kwa saa mbili huku fremu ikiwa mapajani, shingo hubeba kichwa katika hali ambayo haikuumbiwa kukaa kwa muda mrefu, na baada ya majuma kadhaa akili hujifunza kuhusisha sindano na maumivu bila mwenyewe kutambua. Nilibadilisha mambo machache. Niliinua kazi kwa kuweka mto mgumu mapajani, ili nitazame chini kidogo tu. Nilihamisha taa upande wa kushoto, kwa kuwa natumia mkono wa kulia na taa ya kulia ilikuwa ikitupa kivuli cha mkono palepale ninapohitaji kuona. Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume chake. Kila dakika 20 nainua macho na kutazama kitu kilicho mbali. Nilipima macho pia. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, jicho la mtu yeyote huanza kupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu, na miwani iliyopimwa kwa umbali wa kusomea huenda isifae kwa umbali wa kutarizi. Nawasihi wote wenye rika hilo wamweleze mtaalamu wa macho umbali halisi kati ya jicho na kitambaa chao, hata ikibidi waende na kazi yenyewe mkononi.

Vitu vingine vidogo vilivyoondoa adha ni urefu wa uzi na namna ya kuuanza. Uzi unaozidi sentimita 50 hivi hujisokota, hupiga mafundo na huchakaa kabla haujaisha, na kila fundo ni sababu nyingine ya kuweka kazi chini. Urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko unatosha. Uzi wa kawaida wa kutarizi una nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja; vuta mmoja mmoja, kisha uunganishe idadi unayohitaji, nazo zitalala vizuri zaidi. Pale zinapohitajika nyuzi mbili, chukua uzi mmoja wenye urefu maradufu, ukunje katikati, pitisha ncha zote mbili kwenye tundu la sindano, na mshono wa kwanza upite ndani ya kitanzi kilichobaki upande wa nyuma. Hapo huhitaji fundo, na nyuma ya kazi hubaki tambarare.

Baada ya kuondoa vizuizi hivyo, bado sikuweza kurudi moja kwa moja kwenye ziwa. Mkono ulikuwa umesahau mwendo wake, na kazi kubwa si mahali pa kuutafutia. Nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, nikakifanya kitambaa cha majaribio, bila mchoro na bila kukikusudia kwa mtu wala ukuta wowote. Jioni ya kwanza nilipiga safu ya mshono wa mnyororo, ya pili mshono wa bua, na zilizofuata nilijaribu mishono ambayo sikuwahi kuigusa. Desturi hii ni ya kale. Kabla ya vitabu vya michoro kuenea, watarizi walikuwa na vitambaa vya kuhifadhia mishono na nakshi, wakiongeza kila walichojifunza ili wakirejee siku ya haja. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kipo kimoja chenye jina la Jane Bostocke na mwaka 1598, kilichotariziwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtoto aitwaye Alice Lee mwaka 1596. Ndani yake kuna herufi, wanyama na vipande vya nakshi vilivyopangwa bila kuunda picha moja. Nilipoiona picha ya kitambaa hicho nilifarijika sana, kwa sababu ilinionyesha kwamba kazi ya sindano inaweza kuwa na thamani bila kuwa na mwisho uliopangwa tangu mwanzo.

Kwenye kitambaa hicho cha majaribio nilijifunza jambo ambalo nilikuwa nikilielewa kinyume. Nilikuwa nikisubiri hamu ije ndipo nishike sindano. Ukweli ni kwamba hamu ilikuwa ikija baada ya mishono kumi au kumi na tano, pale mkono unapopata mwendo wake, na jioni ambazo haikuja kabisa zilikuwa chache nami nikaziacha zipite. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kupunguza umbali kati ya kukaa kitini na kupiga mshono wa kwanza. Sasa sisimami mwishoni mwa safu au rangi inapoisha. Nasimama katikati ya safu, uzi ukiwa bado ndani ya sindano, ili kesho yake nisiwe na uamuzi wa kufanya. Sindano naichomeka pembeni kabisa, nje ya mchoro, kwa sababu sindano inayokaa siku nyingi kwenye kitambaa inaweza kuacha alama ya kutu; na fremu ya mviringo naivua kila usiku, kwani ikiachwa imekazwa huacha mkunjo ambao ni vigumu kuuondoa.

Zawadi ya harusi niliiacha. Uamuzi huo ulinichukua muda mrefu kuliko mwingine wowote, kwa kuwa niliona ninawavunjia heshima waliokusudiwa. Niliongea nao, nikawaambia wazi kwamba haitakamilika, na wao wakanieleza kwamba hawakuwahi kuisubiri. Nyuzi zake nilizirudisha sandukuni na kitambaa nikakikata kuwa vipande vya majaribio. Naamini kabisa kwamba mtu ana haki ya kuacha kazi ya mapumziko ambayo haimpumzishi, na kwamba kuiacha rasmi, kwa kuifumua au kumpa mtu mwingine, ni bora mara nyingi kuliko kuihifadhi juu ya kabati ambako inaendelea kulaumu. Ila usiamue hivyo siku umekasirika; iweke kazi mahali unapoiona kwa muda, na ukiona moyo umepata wepesi kila unapofikiria kuiachilia, basi iachilie.

Nina neno la tahadhari pia. Hamu yangu ilipotea kwenye sindano peke yake. Niliendelea kula, kulala, kucheka na kutamani mambo mengine. Mtu anayeona kwamba kila alichokipenda kimepoteza ladha, kwamba usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, na kwamba hali hiyo imedumu kwa wiki mbili au zaidi, tatizo lake si la kitambaa wala mchoro. Amweleze mtu anayemwamini na amwone mhudumu wa afya, kwa kuwa huo ni ugonjwa unaotibika.

Ziwa nimelirudia. Mbingu yake nimeigawa katika vipande vya miraba 10 kwa 10, vinavyofuata zile bandi, na kila kipande kina mishono 100. Rangi zote nne za samawati nimezitunga kwenye sindano nne tofauti, kila moja na alama yake, ili kubadilisha rangi kuwe kubadilisha sindano tu. Naitarizi mchana wa siku za mapumziko peke yake, karibu na dirisha, na jioni za wiki nina kazi ndogo ya mshono wa bua ambayo haihitaji kuhesabu. Kila kipande kikiisha nakipaka rangi kwenye nakala ya mchoro, na kwa njia hiyo kazi ya siku moja inaonekana hata pale kitambaa kisipoionyesha. Mchoro unaofuata nimeshauchagua: una mishono 80 kwa 80, sehemu kubwa ya kitambaa inabaki tupu, na rangi zake zinatofautiana hata chini ya taa.